Ugonjwa Usiopiga Kelele: Lini Familia Imwendee Daktari wa Akili

Katika familia nyingi za Afrika ya Mashariki uamuzi wa kumpeleka mtu kwa daktari wa magonjwa ya akili haufanywi pale ugonjwa unapoanza, wala pale mgonjwa mwenyewe anapolalamika kwamba usingizi umemkimbia na moyo umekufa ganzi, bali hufanywa siku ugonjwa unapotoka nje ya nyumba na kuonwa na majirani. Mtu akivua nguo barabarani, akivunja vioo vya duka, akimpiga mzazi wake, au akitoweka na kuonekana stendi ya mabasi akizungumza peke yake, ndugu hukutana usiku huohuo na safari ya hospitali ikapangwa. Lakini yule aliyejifungia chumbani miezi minne, akaacha kuoga, akaacha shamba lake limezwe na magugu na simu yake iite bila kupokewa, huambiwa kwamba ana mawazo tu, apumzike na azidishe ibada. Hoja ya makala hii ni kwamba kipimo hicho, yaani kipimo cha macho ya watu, ni kipimo kibaya, kwamba kina historia yake, na kwamba familia inayotaka kujua lini imwendee daktari haina budi kukiweka kando na kushika vingine viwili, ambavyo ni muda na uwezo wa mtu kutenda yale aliyozoea kuyatenda.

Historia hiyo inaanzia katika majengo yenyewe. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui, Mirembe ya Dodoma ikafunguliwa mwaka 1927, na Butabika ya Kampala ikafuata katika miaka ya 1950, zote zikiwa chini ya serikali za kikoloni ambazo shabaha yao kuu ilikuwa utulivu wa mitaa, mashamba na reli. Waliofikishwa humo, kwa sehemu kubwa, hawakuja kwa miguu yao kutafuta nafuu. Waliletwa na polisi, na hakimu au na mkuu wa wilaya baada ya kusumbua watu, na wakatazamwa kwanza kama tatizo la usalama na kisha, nafasi ikipatikana, kama wagonjwa. Aliyekuwa na huzuni nzito lakini hakumsumbua mtu hakuwa na njia ya kufika huko, wala hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kumpeleka.

Kutokana na mpangilio huo ilizaliwa nadharia ambayo ilidumu muda mrefu kuliko ilivyostahili. John Colin Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyeisimamia Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, alihesabu wagonjwa waliolazwa kwake, akaona kwamba wenye sonona ni wachache mno, akahitimisha kwamba Mwafrika hapatwi sana na ugonjwa huo kwa kuwa hana mzigo wa kujilaumu na kuwajibika nafsini mwake. Mawazo hayo aliyakusanya katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Kosa lake linaonekana wazi kwa yeyote anayejiuliza wagonjwa wale walifikaje wodini, kwa sababu hospitali inayopokea waliokamatwa kwa fujo haiwezi kuwaona walionyamaza nyumbani, na kutoonekana kwao si dalili kwamba hawapo. John Orley na John Wing, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1979, walikwenda vijijini Uganda wakawahoji watu majumbani mwao kwa maswali yaliyokuwa yakitumika London, wakakuta kwamba sonona ilikuwa imeenea zaidi katika vijiji hivyo viwili kuliko miongoni mwa wanawake wa Camberwell, kitongoji cha London walichokilinganisha navyo.

Nadharia ya Carothers imekwisha kuachwa na wasomi, lakini mazoea iliyoyatetea yangalipo, na hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Majina ya Mirembe, Mathari na, kwa Zanzibar, Kidongo Chekundu yamekuwa maneno ya kutukaniana vijiweni, na kwa hiyo mtu akishauriwa kumwona daktari wa akili husikia kana kwamba ameambiwa yeye ni chizi wa kuokota makopo. Badala yake huenda zahanati na kueleza kwamba kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, tumbo linaunguza na kuna kitu kama wadudu wanaotembea chini ya ngozi, akapimwa malaria na homa ya matumbo, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo, akarudi mwezi unaofuata na malalamiko yaleyale. Mtu huyo hadanganyi, maana sonona na hofu iliyopitiliza huutaabisha mwili kwelikweli, na katika jamii ambayo maumivu ya mwili husikilizwa upesi kuliko maumivu ya nafsi ni jambo la kutarajiwa kwamba atayataja yale yatakayosikilizwa. Mzunguko huo wa vipimo visivyoonyesha kitu, unaporudiwa mara kadhaa, ni mojawapo ya dalili ambazo familia na matabibu wangepaswa kuzitilia maanani mapema.

Kipimo cha kwanza kati ya vile viwili ni muda. Sonona, kwa maana ya kitabibu, si huzuni ya siku moja au mbili, bali ni hali ambapo kwa muda usiopungua wiki mbili, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, mtu hukosa raha hata katika mambo aliyokuwa akiyapenda au hugubikwa na majonzi, na pamoja na hayo usingizi na hamu ya chakula huvurugika, nguvu hupungua, akili hushindwa kutulia juu ya jambo moja, mwendo na usemi huwa mzito, na mawazo ya kujiona hana thamani au ya kutamani kufa hujitokeza. Katika kliniki nyingi hutumika dodoso lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa katika nchi hizi, na ambalo kila jibu hupewa alama kuanzia sifuri hadi tatu. Alama nyingi si uthibitisho wa ugonjwa, lakini ni sababu ya kutosha ya kuonana na mtaalamu. Huzuni ya msiba inahitaji uangalifu wa pekee hapa, kwa kuwa aliyefiwa hulia, hukosa usingizi na hata husikia sauti ya marehemu ikimwita, na kwa kawaida mambo hayo huja kwa mawimbi, huruhusu kicheko kati yake na hupungua kadiri miezi inavyopita. Inapotokea kwamba mfiwa hajiwezi kabisa, anajiona mwenye hatia isiyo na msingi au anasema waziwazi kwamba anataka kumfuata aliyekufa, subira si busara tena.

Kipimo cha pili, ambacho kwa maoni ya mwandishi ndicho chenye nguvu zaidi, ni utendaji, yaani mtu kulinganishwa na nafsi yake mwenyewe ya miezi michache iliyopita wala si na jirani yake. Mama lishe aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri na ambaye sasa hawezi kukumbuka kama ametia chumvi, mwanafunzi aliyekuwa wa kumi bora na ambaye sasa hukodolea macho ukurasa mmoja jioni nzima, dereva wa bodaboda ambaye hofu ya ghafla humshika njiani, akatoka jasho na kuhisi kwamba anakufa, hata akaiacha pikipiki nyumbani, hawa wote wameshapoteza kitu kinachoweza kupimika, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyevunja kioo. Wengine huendelea na kazi lakini kwa gharama isiyoonekana, wakinywa pombe kila usiku ili walale au wakitafuna mirungi mchana ili wasimame, na pombe ikishakuwa ndiyo dawa ya usingizi, basi tayari kuna magonjwa mawili yanayohitaji kutazamwa kwa pamoja.

Zipo hali ambazo hazingoji wiki mbili wala kikao cha ukoo. Anayesema kwamba atajiua, hasa akiwa amekwisha kufikiria njia na mahali, au anayeanza kugawa vitu vyake au kuaga watu bila safari, anatakiwa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake, na sumu ya panya, dawa za mifugo na za kunyunyizia mazao ziondolewe nyumbani kabla ya mengine yote, kwa sababu shauku ya kufa mara nyingi hupanda na kushuka, na anayekosa njia katika saa ile mbaya aweza kuishi miaka mingi baada yake. Mzazi aliyejifungua ambaye ndani ya siku au wiki chache halali hata mtoto anapolala, anaongea mambo yasiyounganika au anaamini kwamba mtoto amebadilishwa, yumo katika hatari ya kweli yeye na mtoto wake, na matibabu yake, yakianza mapema, huwa na matokeo mazuri sana. Vivyo hivyo kwa anayesikia sauti zikimwamuru adhuru mtu, kwa asiyekula wala kunywa, na kwa aliyepitisha usiku kadhaa bila kulala huku amejaa nguvu, anagawa fedha na kutangaza mipango mikubwa. Lakini aliyechanganyikiwa ghafla pamoja na homa, kuumwa shingo, degedege au jeraha la kichwa apelekwe kwanza kwenye idara ya dharura ya hospitali ya kawaida, maana malaria kali inayofika kwenye ubongo, homa ya uti wa mgongo na kushuka kwa sukari huvaa sura ya wazimu na huua kwa saa chache.

Katika suala la kujiua sheria nayo imechangia ukimya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, ambacho Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Familia inayoogopa polisi humficha aliyenusurika, humwambia muuguzi kwamba alikunywa sumu kwa bahati mbaya, na hivyo humrudisha nyumbani bila kutibiwa kile kilichomfikisha hapo. Ni vigumu kuona adhabu hiyo inamlinda nani, ilhali madhara yake yanaonekana katika kila wodi inayopokea watu hao.

Panapo ugumu mkubwa zaidi ni saikosisi, neno linalotaja hali ya akili kuachana na uhalisia, ambayo dalili zake kuu ni maruweruwe, yaani kusikia au kuona kisichokuwapo, na imani zisizotikiswa na ushahidi wowote, kama vile kuamini kwamba redio inamtaja au kwamba jamaa wanamtilia sumu. Skizofrenia, ambayo ni ugonjwa wa muda mrefu wa aina hii, huanza kwa wengi kati ya miaka ya mwisho ya shule na umri wa miaka thelathini, na mara nyingi hutanguliwa na miezi au hata miaka ya mabadiliko ya polepole ambayo hayamshtui mtu: kijana anajitenga, anaacha marafiki, anageuza usiku kuwa mchana, anacheka bila kuchekeshwa, anaanza kuwashuku ndugu. Nyumbani husemwa kwamba ni bangi, au ni ujana, au ni mkono wa mtu, na bangi kweli huweza kuuchochea ugonjwa kwa aliye na mwelekeo wake, lakini kumlaumu kijana hakumtibu. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kadiri muda unavyorefuka kati ya dalili za kwanza za saikosisi na dawa ya kwanza ndivyo nafuu inavyokuwa ndogo, jambo ambalo lina maana kwamba mwaka mmoja uliotumiwa kuzunguka kutafuta aliyeloga ni mwaka uliotolewa katika maisha ya kijana mwenyewe.

Haiwezekani kuandika juu ya jambo hili bila kuzungumzia waganga, mashehe na wachungaji, kwa kuwa kwa watu wengi hao ndio mlango wa kwanza, na kuwabeza ni kukosa adabu na pia kukosa maarifa. Mwenye imani hupata katika dua, kisomo na maombi kitu ambacho hospitali haina, yaani watu wanaokusanyika kwa ajili yake na kumwambia kwamba bado ni wao. Wala tiba ya mwili kwa maradhi ya nafsi si jambo lililoletwa juzi na Wazungu: Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya za miili na nafsi ambamo alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni inayomjia mtu bila sababu anayoweza kuitaja, akaieleza hii ya pili kuwa ina asili katika mwili na inahitaji kutibiwa kwa njia za mwili pia. Kwa hiyo familia haihitaji kuchagua kati ya msikiti au kanisa na kliniki, bali inahitaji kuyafanya yote kwa wakati mmoja. Anayemwombea mgonjwa huku akimhimiza ameze vidonge vyake ni mshirika wa daktari. Anayeamuru dawa zitupwe kama ushahidi wa imani, au anayemfunga mgonjwa kwa minyororo, kumnyima chakula kwa siku nyingi au kumchapa ili pepo atoke, amevuka mpaka, na hapo ndugu wanawajibika kumwondoa mgonjwa wao bila kujali heshima ya mwenye mahali.

Daktari wa magonjwa ya akili ni nani hasa? Ni daktari aliyesoma udaktari wa kawaida kwa miaka mitano au sita, akafanya mafunzo ya vitendo katika wodi zote, kisha akarudi chuoni, kwa mfano Muhimbili au Chuo Kikuu cha Nairobi, kusomea shahada ya uzamili ya fani hiyo kwa miaka mitatu, na kwa hiyo anaweza kuandika dawa, kuagiza vipimo vya damu na kutambua ugonjwa wa mwili uliojificha nyuma ya tabia. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Kazi yake ni kupima uwezo wa akili na kutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu, na mshauri nasaha humsaidia mtu kupita katika tatizo mahususi kama vile ndoa au majibu ya kipimo cha VVU. Madaktari bingwa wa fani hii ni wachache na wengi wao wamo katika miji mikubwa, kwa hiyo mkazi wa Sumbawanga au Lodwar huenda akaonana kwanza na muuguzi wa afya ya akili au tabibu katika hospitali ya wilaya au kaunti, na asidhani kwamba amepewa huduma ya pembeni: tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo unaowawezesha wahudumu hao kutibu sonona, saikosisi, kifafa na ulevi wa kupindukia, na wao ndio wanaojua ni lini waandike rufaa.

Anayekwenda mara ya kwanza ni vyema ajue kwamba sehemu kubwa ya kazi ya siku hiyo ni kuzungumza. Daktari ataanza kwa kuuliza kilichomleta na kilianza lini, kisha atakwenda kwenye usingizi, chakula, kazi, ndoa na hamu ya tendo la ndoa, pombe, bangi, mirungi na dawa nyingine zinazotumiwa, za hospitali na za mitishamba, magonjwa ya utotoni, na kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua namna hiyo au kujiua. Swali hilo la mwisho huwaudhi ndugu wengi, ambao hulisikia kama uchunguzi wa aibu za ukoo, ingawa linaulizwa kwa sababu ileile ambayo daktari wa moyo huulizia shinikizo la damu la wazazi. Ataulizwa pia kama amewahi kufikiria kujitoa uhai, na familia nyingi huogopa kwamba swali hilo litampa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo, na wagonjwa wengi hupumua kwa mara ya kwanza pale mtu anapowauliza waziwazi. Wakati mazungumzo yakiendelea daktari anatazama pia mavazi, mwendo, kasi ya usemi, mpangilio wa mawazo, kumbukumbu na jinsi mtu anavyoielewa hali yake, na yote hayo ndiyo kipimo chake.

Ndugu aliyemsindikiza mgonjwa ana nafasi yake na ana mipaka yake. Habari zake ni muhimu, hasa pale mgonjwa asipoona kwamba anaumwa, lakini daktari mzuri atatenga muda wa kuzungumza na mgonjwa peke yake, na ndugu asikasirike akiombwa kutoka, kwa sababu huenda chanzo cha taabu kimo nyumbani humohumo. Yanayosemwa ndani ya chumba ni siri ya mgonjwa, isipokuwa panapokuwa na hatari ya wazi kwa uhai wake au wa mwingine. Katika kliniki za umma zenye foleni ndefu muda huwa mfupi kuliko unavyotakiwa, na ndiyo maana karatasi moja yenye tarehe za dalili, majina ya dawa zote na maswali mawili au matatu ya kumwuliza daktari, iliyoandikwa nyumbani kwa utulivu, humsaidia mgonjwa kuliko hotuba ndefu ya mjomba.

Vipimo vya damu vinaweza kuagizwa, na madhumuni yake si kuuona wazimu katika damu, kwani hakuna kipimo cha maabara kinachothibitisha sonona au skizofrenia, bali ni kuondoa uwezekano wa magonjwa mengine: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humfanya mtu awe na wasiwasi na mapigo ya mbio, ikilegea humfanya mzito na mwenye huzuni, kaswende isiyotibiwa na VVU huweza kuushambulia ubongo, na efavirenz, dawa iliyotumiwa kwa miaka mingi na watu wanaoishi na VVU, iliwaletea baadhi yao ndoto za kutisha na huzuni. Mwishoni daktari atatoa jina la ugonjwa, au atasema kwamba bado hana hakika, na jibu hili la pili lisimvunje mtu moyo wala lisichukuliwe kuwa ni ujinga. Saikosisi ya mara ya kwanza inaweza, baada ya miezi, kujulikana kuwa ni skizofrenia, au ni ugonjwa wa bipola, ambao humpeleka mtu kati ya msisimko uliopitiliza na sonona, au ni tukio moja lililopita na halitarudi.

Kuhusu dawa ndipo uvumi ulipo mwingi. Dawa za fani hii ni za karne iliyopita: mwaka 1949 John Cade wa Australia alieleza kwamba lithiamu hutuliza msisimko uliopitiliza, mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa Paris wakaonyesha uwezo wa klopromazini juu ya saikosisi, na mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi akatangaza imipramini, miongoni mwa dawa za kwanza za sonona. Mgonjwa wa sonona anapaswa kuambiwa mapema kwamba dawa yake huanza kusaidia baada ya wiki mbili hadi sita, ilhali maudhi yake, kama vile kichefuchefu, kinywa kukauka au usingizi mzito, huja katika siku za kwanza, maana asiyeelezwa hivyo huacha dawa wiki ya kwanza akiamini kwamba imemzidishia ugonjwa. Dawa hizo hazimfanyi mtu kuwa teja, ingawa zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na taabu nyingine. Inayoleta utegemezi wa kweli ni diazepamu na jamaa zake, ambayo haifai kutumiwa mfululizo zaidi ya wiki chache, na ambayo kwa masikitiko huuzwa kwa wepesi katika maduka ya dawa kuliko inavyopaswa. Haloperidoli na klopromazini huweza kukaza misuli, kutetemesha mikono na kumfanya mtu ashindwe kutulia, na ndugu wakiona hivyo wamrudishe kliniki, kwani kiwango kinaweza kupunguzwa na dawa ya kulainisha misuli ikaongezwa. Anayetumia lithiamu hana budi kupimwa damu mara kwa mara, pamoja na figo na tezi, na mwanamke anayeweza kushika mimba asikubali kuanzishiwa valproeti bila maelezo, kwa sababu inajulikana kuharibu ukuaji wa mtoto tumboni.

Si kila aendaye hutoka na dawa. Kwa sonona isiyo kali na kwa hofu nyingi, mazungumzo ya tiba yenye mpangilio, ambayo kwa kawaida huchukua vikao kadhaa vya karibu saa moja na kumpa mgonjwa kazi za kufanya nyumbani, yanaweza kufanya kazi sawa na vidonge, na udhaifu wake hapa kwetu ni kwamba wanaoyatoa ni wachache na mara nyingi hulipiwa mfukoni. Hapa serikali zina deni, kwa sababu kumpa mtu dawa kwa kuwa tu hakuna wa kuzungumza naye ni tiba nusu, na wanaoathirika zaidi ni maskini.

Kulazwa nako kumezingirwa na hofu kuliko ukweli. Wengi hutibiwa wakirudi nyumbani siku hiyohiyo, na wanaolazwa hukaa kwa wiki kadhaa, mara nyingi katika wodi ya hospitali ya rufaa ya mkoa wala si katika hospitali kubwa za taifa. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008, na ile ya Kenya ya mwaka 1989 iliyorekebishwa mwaka 2022, zinaruhusu mtu kulazwa bila ridhaa yake, lakini kwa masharti na kwa utaratibu unaoweza kuhojiwa, na kwa hiyo ndugu wanayo haki ya kuuliza ni kwa kifungu gani, kwa muda gani, na nani atakayeupitia uamuzi huo. Mgonjwa aliyelazwa anabaki na haki ya kuelezwa anachopewa, ya kutembelewa, na ya kutopigwa. Unyanyasaji ukitokea ulalamikiwe kama ambavyo ungelalamikiwa katika wodi ya wazazi.

Baada ya ziara ya kwanza kazi huwa ndiyo kwanza imeanza. Ziara ya pili kwa kawaida hupangwa baada ya wiki mbili hadi nne, na humo ndimo daktari hupima kama dawa imeshika, hurekebisha kiwango na husikiliza yale ambayo mgonjwa aliona haya kuyasema mwanzoni. Mgonjwa ambaye kwa ziara tatu hakuulizwa maudhi ya dawa, hakuelezwa jina la ugonjwa wake na hakuangaliwa usoni anayo haki ya kutafuta daktari mwingine, na afanye hivyo akiwa na kadi yake ya kliniki mkononi ili asianze upya. Aliyepona sonona ya mara ya kwanza hushauriwa kuendelea na dawa kwa takriban miezi sita hadi mwaka baada ya kupata nafuu, kisha kiwango hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi. Wenye skizofrenia na bipola mara nyingi huhitaji dawa kwa miaka, na kwao swali la kumwuliza daktari kila baada ya muda ni kiwango gani kidogo kabisa kitakachowaweka kazini na nyumbani, ili dawa isije ikachukua nafasi ya ugonjwa katika kuwazuia kuishi.